Pembe Katika Mtambo wa Wakati: Uundaji wa Modeli Kama Tendo la Uhakiki

Utangulizi

Imezoeleka katika idara zetu za fasihi kwamba mhakiki ni mtu wa kalamu. Kazi ya sanaa huwekwa mbele yake, akaisoma, akaichambua fani na maudhui yake, kisha akaandika. Mikono yake haina shughuli nyingine isipokuwa kufunua kurasa. Makala haya yanakusudia kutoa hoja iliyo tofauti kidogo na mazoea hayo. Yanadai kwamba iko aina ya usomaji ambayo hukamilika kwa mikono, na kwamba usomaji huo huweza kumfunulia mhakiki mambo ambayo jicho, kwa wepesi wake, huyapita. Ushahidi ninaoutoa ni kitu kisichofika urefu wa sentimita tano: modeli ya mtambo wa wakati, kwa mtindo wa enzi ya Malkia Victoria wa Uingereza, niliyoiunda kwa ajili ya mchezo wa vita vya mezani unaochezwa kwa visanamu.

Huenda baadhi ya wasomaji wakauliza iwapo shughuli kama hii inamstahili mtu aliyekabidhiwa wanafunzi wa uzamili. Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba vitabu vya nadharia, ambavyo nimevifundisha kwa miaka mingi, havikunipa kile nilichokipata nilipokuwa nikitafuta kitu cheupe cha kuchongea wenzo wa milimita nne. Nadharia zilikuja baadaye kunisaidia kukipa jina.

Mtambo na Mchezo

Yafaa kuanza na mtunzi, kwani ndiye anayeyaunganisha mambo haya mawili. H. G. Wells (1866–1946) alichapisha riwaya yake fupi, The Time Machine, mwaka 1895. Wazo lenyewe alikuwa amelijaribu tangu 1888 katika hadithi iitwayo The Chronic Argonauts, iliyotokea katika jarida la wanafunzi wa chuo cha sayansi alikosomea jijini London. Hakuwa wa kwanza kuwazia chombo cha kuvukia wakati. Mhispania Enrique Gaspar alikuwa amekwisha chapisha riwaya yenye chombo cha namna hiyo mwaka 1887. Hata hivyo, ni Wells aliyekipa chombo hicho jina ambalo ulimwengu umelikubali.

Mwaka 1913 Wells huyohuyo alichapisha kitabu cha namna nyingine kabisa, Little Wars, chenye kanuni za kupigana vita sakafuni kwa visanamu vya askari vilivyosubiwa kwa risasi. Katika kanuni hizo askari wa miguu husogezwa futi moja kwa zamu, wapanda farasi futi mbili, na mizinga midogo ya springi hufyatua vipande vya mti, hivyo kwamba aliyeangushwa ameangushwa kweli, wala si kwa hesabu ya dadu. Michezo ya vita ilikuwako kabla yake: maofisa wa jeshi la Prussia waliitumia kwa mafunzo tangu 1824, na Robert Louis Stevenson aliucheza wa kwake pamoja na mwanawe wa kambo huko Davos. Lakini ni Wells aliyeutoa mchezo huu kambini na kuukabidhi raia, na kwa sababu hiyo wachezaji wengi wa leo humhesabu kuwa mwasisi wao.

Basi anayeuweka mtambo wa wakati juu ya meza ya mchezo huu hachanganyi mambo yasiyohusiana. Anawakutanisha wana wawili wa baba mmoja waliolelewa katika nyumba mbalimbali.

Tena liko jambo ambalo wasomaji wa riwaya hii hulisahau upesi. Mtambo wa kwanza tunaouona katika riwaya ni modeli. Msafiri wa Wakati, ambaye hatupewi jina lake, anawaletea wageni wake kitu kisichozidi sana ukubwa wa saa ndogo, anakiweka juu ya kimeza mbele ya moto, na kuwaeleza kwamba kimemchukua miaka miwili kukitengeneza. Ndipo anapokishika kidole cha Mwanasaikolojia na kukielekeza kwenye wenzo mdogo mweupe. Kitu kinatoweka, wala hakionekani tena. Kwa maneno mengine, Wells alitambua kwamba msomaji hataamini mtambo mkubwa kabla ya kuoneshwa mdogo. Modeli ndiyo hoja, na riwaya nzima inasimama juu yake.

Mtambo Usio na Umbo

Mtu akiketi kuunda, swali la kwanza ni la umbo. Je, mtambo huu unafanana na nini? Niliirejea riwaya kwa makini, kalamu mkononi, nikaorodhesha kila kilichosemwa. Upo wa nikeli, wa shaba, wa pembe, wa mti mweusi, na wa jiwe ng'avu la fuwele liitwalo kwatzi. Una fito za fuwele zilizosokotwa. Una tandiko la kukalia. Una nyenzo mbili, mmoja wa kwendea mbele na mwingine wa kurudia nyuma, nazo huweza kufunguliwa na kutiwa mfukoni. Una nyuso ndogo za kuhesabia, moja ya siku, nyingine ya maelfu ya siku, nyingine ya mamilioni, na nyingine ya maelfu ya mamilioni. Fito mojawapo ya nikeli ilikuwa fupi kwa inchi moja, ikabidi itengenezwe upya. Mtambo unaporudi, ufito wa pembe umepata ufa na reli ya shaba imepinda. Mwishoni tunaambiwa kwamba ni kitu kifupi, kibaya, kilichokaa upande.

Orodha hii ni ndefu, lakini tazama lisilokuwamo. Hatuambiwi mtambo una urefu gani, unasimama juu ya nini, nyenzo ziko upande upi, wala fito zimeunganishwaje. Wells ametupa vifaa, akatunyima umbo. Msomaji hauoni upungufu huu, kwa sababu vifaa vyenyewe vinang'aa mno. Mwundaji huuona papo hapo, maana hana pa kubandika kipande cha kwanza.

Wapo watakaosema kwamba umbo linajulikana: kigari mfano wa kile cha kutelezea thelujini, kiti chekundu chenye mito, na nyuma yake sahani kubwa ya duara inayozunguka. Hilo si umbo la riwaya. Ni umbo la filamu iliyoongozwa na George Pal mwaka 1960, miaka 65 baada ya kitabu. Filamu hiyo ilitunzwa tuzo ya Oscar kwa ufundi wake wa picha, na sahani yake imeukalia mtambo kwa nguvu kiasi kwamba mtu akisema leo "kwa mtindo wa Victoria" aghalabu humaanisha Hollywood ya 1960. Niliwahi kuwaomba wanafunzi wangu wa uzamili wauchore mtambo mara tu baada ya kuimaliza riwaya. Wengi walichora sahani. Nilipowataka wanioneshe ukurasa ilimo, walipekua kwa muda mrefu, kisha wakanyamaza.

Wolfgang Iser ametufundisha kwamba kazi ya fasihi ina mapengo, na kwamba msomaji hushiriki kuijenga kwa kuyajaza. Umbo la mtambo ni pengo la aina hiyo, tena pengo jema, kwa maana mtunzi amelikusudia liwe uwanja wa ubunifu wetu. Msomaji wa kwanza mashuhuri kuliingia kwa mikono miwili alikuwa Mfaransa Alfred Jarry, ambaye mwaka 1899 alichapisha insha ya mzaha mzito akieleza jinsi ya kuujenga mtambo wenyewe. Jarry hakuandika uhakiki wa riwaya. Aliandika maelekezo ya fundi. Fremu yake ilikuwa ya mti mweusi, mfano wa fremu ya baiskeli, nayo ilibeba magurudumu mazito yazungukayo kwa kasi. Naamini alikuwa amesoma vyema. Tandiko na fito ni viungo vya baiskeli, na miaka ya 1890 ilikuwa miaka ya baiskeli Uingereza. Wells mwenyewe alitoa riwaya nzima juu ya mwendesha baiskeli, The Wheels of Chance, mwaka 1896. Kwa hiyo modeli yangu haina sahani. Ina fremu iliyolala chini, tandiko katikati, na fito mbili za fuwele zikipita ubavuni mwa mpandaji kama mikono ya kiti. Mwingine ataunda vingine, na hatakuwa amekosea. Ndiyo hulka ya pengo la aina hii: lina majibu mengi, na riwaya haimkatazi mtu.

Vifaa na Ukimya wa Pili

Visanamu vya mchezo huu huwa na kimo cha milimita 28 kutoka nyayo hadi machoni, yaani uwiano wa takriban 1 kwa 60. Kwa uwiano huo mtambo wa mita mbili na nusu hugeuka milimita 42, na uso wa kuhesabia siku huwa chini ya milimita mbili. Nilikusudia kutumia, kadiri iwezekanavyo, vifaa vilevile vilivyotajwa riwayani au ndugu zake wa karibu, ili nione riwaya itanipeleka wapi.

Shaba haikunisumbua, nilitumia waya. Hata hivyo iligeuka somo la uhalisia. Shaba halisi ikipunguzwa kiasi hicho haifanani na shaba. Mng'ao wake ni mkubwa mno kwa umbo lake, ikaonekana kama waya tu. Ilibidi niipake rangi nyeusi, kisha rangi ya shaba juu yake, kisha rangi ya kahawia iliyozimuliwa kwa maji ikatuama katika mianya, na mwisho mstari mwembamba wa rangi ya dhahabu mahali ambapo mwanga ungeangukia. Shaba ilifanana na shaba baada tu ya kufunikwa kwa rangi. Wale wanaohubiri kwamba uhalisia katika riwaya ni kuyaweka maisha kitabuni kama yalivyo wangefaidika kwa kupaka waya rangi jioni moja.

Kwa kwatzi nilitumia kalamu ya Bic. Bomba lake ni la plastiki ng'avu lenye pande sita, na fuwele ya kwatzi nayo kwa kawaida ina pande sita. Plastiki hiyo ikipashwa juu ya mshumaa hulainika, na ukiivuta polepole huku ukiisokota, huwa ufito mwembamba kama uzi mnene ambao bado una pembe zake zote. Kwa mti mweusi nilipata kibanzi cha mpingo kutoka kwa mchonga vinyago. Mpingo wetu si mti uleule hasa unaotajwa na Wells, ingawa kamusi zetu huyaoanisha majina ya miti hiyo miwili.

Kwa nyuso za kuhesabia nilikwenda kwa fundi wa saa, mzee mwenye kibanda kando ya barabara, nikamwomba magurudumu ya saa ndogo za kike zilizokwisha kufa. Aliponiuliza nilichokuwa nikitengeneza nilimwambia ni mtambo wa kwendea wakati uliopita na ujao.

"Mwalimu," alinijibu bila kuinua kichwa, "saa zote huenda mbele. Zikianza kurudi nyuma huletwa kwangu."

Alinipa magurudumu manne na kukataa malipo.

Ilibaki pembe. Katika riwaya, pembe haikosi kutajwa kila mtambo unapoelezwa kwa vifaa vyake. Imo katika modeli ya kwanza, imo katika mtambo ambao haujakamilika, imo katika mtambo uliorudi na ufa, na imo katika maelezo ya mwisho. Mimi nilihitaji vipande vitatu tu: ufito mmoja na nyenzo mbili, ambazo nilizipa weupe wa ule wenzo wa modeli. Kwa jumla havikufikia uzito wa punje ya mchele. Lakini hapa mikono ilisimama. Pembe ya ndovu si kitu ambacho Mkenya huenda kukinunua. Tarehe 18 Julai 1989 tani 12 za pembe zilichomwa moto hadharani katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi, na tarehe 30 Aprili 2016 zikachomwa tani 105 mahali palepale. Hata kama ningepewa kipande cha ukubwa wa ukucha, nisingekitaka.

Basi nilichukua mfupa wa ubavu wa mbuzi, nikauchemsha, nikauanika, nikaupiga tupa. Weupe wake ulikuwa mkali kupita kiasi, nikaulaza usiku mmoja katika chai ya rangi. Asubuhi ulikuwa na ule umanjano mtulivu wa funguo za piano kuukuu. Ni wakati nilipokuwa nikiupiga tupa ndipo swali liliponijia ambalo sikuwahi kuliuliza katika miaka yote niliyoisoma na kuifundisha riwaya hii. Mimi nimehangaika hivi kupata punje ya pembe bandia. Msafiri wa Wakati, katika karakana yake huko Richmond, aliipata wapi ya kwake, tena fito nzima?

Riwaya haisemi, wala haina sababu ya kusema. Katika Uingereza ya 1895 pembe ilikuwa kitu cha dukani. Ilikuwa funguo za piano, mipira ya biliadi, vichana, na mipini ya visu. Kilichokuwa cha kawaida hakihitaji maelezo. Lakini sisi tuliozaliwa upande huu wa bahari tunajua njia mojawapo iliyopita pembe nyingi za karne hiyo. Zanzibar ilikuwa soko kuu la pembe la Afrika Mashariki, na pembe za upande wetu zilisifiwa kwa ulaini wake chini ya msumeno. Zilitoka bara, Ujiji na Tabora, zikashuka hadi Bagamoyo mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja akiwa na mzigo wa kilo 30 hivi, kwa safari ya miezi. Sidai kwamba ufito wa Msafiri ulipita njia hiyo. Msafiri ni mtu wa kubuni na ufito wake pia. Ninachodai ni kwamba neno "pembe", katika kitabu cha London cha mwaka huo, lilikuwa neno jepesi kwa msomaji kwa sababu lilikuwa limekwisha kuwa zito mabegani mwa mtu mwingine.

Hapa nadharia ya mapengo haitoshi. Pengo la umbo naliweza kulijaza kwa ubunifu, na kila jibu langu ni halali. Pengo la pembe siwezi kulijaza kwa ubunifu. Ninaweza tu kulijibu kwa historia. Pierre Macherey, katika kitabu chake cha 1966 juu ya uzalishaji wa fasihi, alishikilia kwamba kazi ya fasihi hujulikana pia kwa yale isiyoweza kuyasema, na kwamba kazi ya mhakiki si kukisema kimya hicho kwa niaba ya mtunzi, bali kueleza kwa nini kipo. Nilikuwa nimelifundisha dai hilo mara nyingi kama dai gumu la Kifaransa. Mfupa wa mbuzi ulilifanya jepesi. Umbo la mtambo limenyamaziwa kwa sababu mtunzi hakulihitaji. Asili ya pembe imenyamaziwa kwa sababu jamii yake haikuiona.

Lugha yetu, kwa bahati, inatusaidia. Wenzo ni kijiti cha kusukumia. Wingi wake ni nyenzo, na nyenzo ndilo neno tunalolitumia tunapozungumzia njia za uzalishaji mali. Kiswahili hakiwezi kuzitaja nyenzo za Msafiri bila kugusa swali la nani alizalisha nini. Mwanafunzi anayeisoma riwaya hii na kuijadili kwa Kiswahili ana kitu mkononi ambacho msomaji wa London hana.

Haifai, hata hivyo, kulifanya jambo hili kuwa shtaka jepesi. Mimi ni mzaliwa wa Ukambani. Kabla ya misafara ya kutoka pwani kutawala biashara ya bara, Wakamba ndio waliozishusha pembe Mombasa, na jina la Kivoi wa Mwendwa, aliyeuawa mwaka 1851 karibu na Mto Tana, limo katika maandishi ya mmisionari Krapf. Kivoi hakuwa mpagazi. Alikuwa tajiri, mwenye msafara na mwenye watumwa. Nikisema kwamba Wells hakuona pembe inatoka wapi, sina budi kuongeza kwamba wako wa kwetu waliojua vyema inatoka wapi, na waliofaidika. Ukimya wa riwaya ni wa London. Ukimya wa vitabu vyetu vya shule, ambavyo humsifu Mkamba mfanyabiashara na kumpita mbio aliyebeba, ni wetu wenyewe.

Mezani

Modeli ya mchezo haiundwi ili iwekwe kabatini. Hushikwa, husukumwa, huanguka. Kwa hiyo nyenzo zangu mbili za mfupa hazikugundishwa. Zimechomekwa katika vitundu ili ziweze kuchomolewa, kama zinavyofunguliwa riwayani. Sababu ni ya kimchezo. Mtambo wa wakati hauna silaha wala hauendi popote juu ya meza. Ni kitu cha kugombewa. Katika riwaya, Msafiri akiwa mwaka 802,701, viumbe wa chini ya ardhi waitwao Wamorlock wanaukokota mtambo na kuuficha ndani ya msingi wa shaba wa sanamu kubwa nyeupe. Haumfai asiye na nyenzo, na nyenzo zimo mfukoni mwa Msafiri. Kanuni za mchezo zimekwisha kuandikwa na mtunzi. Kazi yetu ilikuwa kuzihesabia inchi.

Tuliucheza juu ya meza ya futi sita kwa nne, mimi, wanafunzi wawili wa uzamili, na mwenzangu wa idara ya historia aliyewaongoza Wamorlock. Yapo mawili ya kuripoti.

La kwanza ni kuhusu Wamorlock. Wahakiki huwaona kama ishara ya tabaka la wafanyakazi lililosukumwa chini hadi likageuka la kutisha, na usomaji huo una msingi madhubuti katika riwaya. Lakini mtu akiisogeza modeli kwa mkono wao huanza kuona jambo jingine. Msafiri anapoupata tena mtambo wake, anaukuta umesafishwa na kupakwa mafuta, na baadaye anashuku kwamba waliufungua vipande wakijaribu kuelewa ni wa kazi gani. Waeloi, viumbe wazuri wa juu ambao riwaya inatutaka tuwahurumie, hawafanyi lolote kama hilo. Katika ulimwengu ule mzima, wanaokitendea kitu kigeni kile ambacho mwanafunzi wa fasihi anapaswa kukitendea kitabu ni Wamorlock peke yao. Wanakifungua na kukichunguza, kisha wanakirudisha kikiwa safi kuliko walivyokipata. Riwaya inauita uelewa wao hafifu. Mimi sina hakika kwamba sisi tunaufanyia mtambo huu zaidi ya hapo.

La pili ni kuhusu kisanamu kilichokuwa hakimo mchezoni. Miongoni mwa visanamu vya enzi ya Victoria vinavyouzwa Uingereza umo mfululizo mzima wa Afrika: wapelelezi wa kizungu, askari, ruga-ruga, na wapagazi. Nilikuwa na mpagazi mmoja mwenye pembe begani, nami nilikuwa nimemweka ukingoni mwa meza ili kulinganisha vipimo. Pembe yake ilikuwa karibu sawa na kimo chake, na ndefu kuliko ufito wowote wa mtambo. Mwanafunzi mmoja alimwona, akadhani ni wa upande mmojawapo.

"Daktari, na huyu husogea inchi ngapi?"

Kabla sijajibu, mwenzangu wa historia alimjibu: "Huyu amekwisha tembea."

Tuliendelea kucheza, lakini hakuna aliyemwondoa. Na kweli yake inazidi meza yetu. Wells aliandika Little Wars kwa imani kwamba mtu akivionja vita katika kipimo cha sebule ataona upumbavu wa vile vikubwa. Vile vikubwa vilianza mwaka uliofuata, 1914, vikafika hadi kwetu, na wabebaji wa mizigo wa vita hivyo wameacha alama katika majina ya Kariakor mjini Nairobi na Kariakoo mjini Dar es Salaam. Katika Little Wars kuna askari wa miguu, wapanda farasi na mizinga. Aliyebeba mizinga hana futi zake.

Hitimisho

Nimejaribu kuonesha kwamba uundaji wa modeli ni njia ya kusoma, na kwamba faida yake kwa mhakiki ni mahsusi. Unamlazimisha kusimama mahali ambapo maneno humruhusu kupita. Hapo hukutana na ukimya wa aina mbili, na ni lazima aupambanue. Upo ukimya ambao mtunzi ametuachia tuujaze, kama umbo la mtambo, na upo ukimya ambao jamii ya mtunzi ilikaa ndani yake bila kujua, kama asili ya pembe. Mkanganyiko wa aina hizi mbili ni ugonjwa wa kawaida katika tasnifu tunazozisahihisha. Mwanafunzi mmoja hujaza historia kwa kubuni, akimpa mtunzi nia ambazo hakuwa nazo. Mwingine hutilia shaka kila jambo ambalo halikusemwa, hata rangi ya mlango, na kulihesabu kuwa njama ya kikoloni. Wa kwanza anaunda pale anapotakiwa kutafiti. Wa pili anashtaki pale alipoalikwa kuunda.

Kipimo ninachokipendekeza ni chepesi, na hakihitaji maktaba kubwa. Mwanafunzi achukue kitu kimoja kinachotajwa katika kazi anayoishughulikia, iwe jahazi, kinu, jembe au kiti cha enzi, na akiunde kwa ukubwa wa kiganja, kwa vifaa vilivyotajwa au vinavyokaribiana navyo. Aandike katika daftari kila mahali alipokwama. Kisha kwa kila mkwamo ajiulize swali moja: je, hapa naweza kuamua mwenyewe, au ni lazima nikamuulize mtu? Alipoweza kuamua mwenyewe, mtunzi alimwachia nafasi. Alipolazimika kuuliza, kuna mtu aliyebeba kitu hicho hadi ukurasani, na utafiti wake uanzie kwa mtu huyo.